Mikroglia zilizozeeka: pima pH kabla ya kuamini bluu

Wenzangu wa maabara hapa Kisumu na Maseno, kosa la pH (kiwango cha asidi) katika kipimo cha rangi ya bluu cha kutambua seli zilizozeeka linaharibu matokeo mengi. Mikroglia, seli za kinga za ubongo, zikizeeka huacha kugawanyika lakini hazifi. Hubaki zikimwaga kemikali za uvimbe na kuchokoza seli jirani. Mwaka 2018 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliondoa seli za ubongo zilizozeeka kwa panya wenye kasoro ya tau (protini ya seli za neva), mikroglia zikiwemo, na mrundikano wa tau ukapungua.

Shida ni kuzitambua. X-gal, kemikali inayogeuka bluu ikikatwa na kimeng'enya cha beta-galaktosidesi, hutumiwa miligramu 1 kwa mililita, bafa (myeyusho unaotuliza pH) ya pH 6.0, nyuzi 37, usiku kucha. Msiweke sahani kwenye inkubeta yenye kaboni dayoksaidi! Gesi hiyo hushusha pH, na ikikaribia 4 hata seli changa hugeuka bluu, kwa sababu kimeng'enya kinachopimwa kimo katika lisosomu (vifuko vya kumeng'enya taka) za kila seli. Mikroglia zimejaa lisosomu, kwa hiyo hudanganya zaidi. Pimeni pH siku ile ile, fungeni sahani isikauke, na stima ikipotea andikeni saa.

Lipofusini, taka inayorundikana katika seli zinapozeeka, nayo hung'aa yenyewe kwenye darubini ya floresensi. Rangi ya Sudan Black huzima mng'ao huo. Bluu peke yake si ushahidi: ongezeni p16 (protini inayozuia seli kugawanyika) na kipimo cha mgawanyiko wa seli.