Tunavyomzuia mbwa mgeni asitoroke wiki za kwanza

Kwa mbwa tunaowaokoa hapa Kisumu, mahali pa hatari zaidi ni geti la nyumba mpya. Mbwa aliyehamia juzi bado hajajua kwake ni wapi. Akiponyoka hatafuti njia ya kurudi, anakimbia tu mpaka achoke, na huko nje kuna matatu na boda boda. Kwa hiyo nguvu zetu nyingi tunaziweka kwenye siku ya kumkabidhi na wiki tatu zinazofuata.

Kabla ya hapo anakaa karantini siku 14. Parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha mbwa damu, hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 14 tangu maambukizi, hivyo anayecheza vizuri leo huenda bado anaibeba. Banda tunalisugua kwa sabuni, tunasuuza, ndipo tunamwaga Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo), kikombe kimoja kwa vikombe 20 vya maji, na kuiacha dakika 10. Ikimwagwa juu ya uchafu huishiwa nguvu kabla ya kuvifikia virusi. Chanjo ya kichaa cha mbwa tunampa akishatimiza miezi mitatu, na kadi yake anaondoka nayo.

Sasa vifungo. Mbwa mwenye hofu havuti kwenda mbele. Hurudi nyuma, huinamisha kichwa, na kola ikapita juu ya masikio. Kwa sababu hiyo kila mbwa anavaa viwili: kola inayoruhusu vidole viwili tu kati yake na shingo, na mkanda wa kifua, kila kimoja na kamba yake. Mikanda ya kifua tunashonesha kwa fundi wa viatu, tukitumia mikanda ya usalama ya magari yaliyochakaa. Haikatiki upesi wala haimchuni mbwa ngozi. Kamba ya plastiki siipendi, fundo lake huteleza. Namba ya simu ichongwe kwenye kibati na fundi wa funguo, kwa maana ya karatasi hufutika mvua ya kwanza tu.

Kukabidhi tunafanya asubuhi, na sababu ni ngurumo. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi mno, na mawingu hujikusanya kuanzia alasiri. Mbwa aliyefika saa kumi jioni atakutana na radi kabla hajajua hata pa kujificha. Aliyefika saa tatu asubuhi ameshanusa chumba, amekunywa maji na kuchagua kona yake. Tunapendelea siku ambayo wenyeji watashinda nyumbani. Kwa familia ya Wasabato, hiyo ni Jumapili.

Gari liingie ndani ya ua, geti likomewe, ndipo mlango wa gari ufunguliwe, kamba zikiwa tayari mkononi. Wengi hukimbilia kufungua mlango wakati askari bado anasukuma geti, na hapo ndipo mbwa wanapopotea.

Ua wenyewe tunaukagua mapema. Pengo chini ya geti lisizidi upana wa ngumi, kwa kuwa penye kupita kichwa, mwili nao hufuata. Tundu la kutolea maji ya mvua chini ya ukuta watu hulisahau. Liwekewe wavu wa chuma. Ua wa kayaba, ule wa vichaka vya miiba, huonekana mzito juu, lakini piga magoti utazame shinani, utakuta vijia vya kuku vinavyomtosha mbwa. Waya wa uzio ufukiwe sentimita 30 na kukandamizwa kwa mawe. Ukuta wa mita 1.8 unatosha wengi, ila tangi, pipa au kuni zikiegemezwa hapo huwa ngazi. Kwenye ploti ya wapangaji wengi wenye geti moja, mbwa mwoga hatumpeleki hata kama familia ni ya upendo kiasi gani. Geti hilo halina mwenyewe wa kulifunga.

Radi inapoanza, mbwa awe ndani ya chumba, mapazia yameshushwa. Asifungwe mnyororo karibu na ukuta: akiruka kwa hofu anaweza kuning'inia upande wa pili na kunyongeka.

Chakula kisibadilike wiki ya kwanza. Ugali na omena (dagaa) zilizochemshwa, bila kitunguu wala chumvi. Kingine kiingizwe polepole ndani ya siku saba, la sivyo atahara.

Akitoroka hata hivyo, msimkimbize wala msimwite kwa sauti. Jina lenu jipya halimwambii kitu, na miguu inayomfuata humsukuma mbali zaidi. Wapeni habari vijana wa stendi ya boda boda, wao huona mengi, lakini waombeni wapige simu tu bila kumfuata. Gunia alilolalia liwekwe nje ya geti pamoja na omena zenye harufu kali. Mtafuteni alfajiri, barabara ikiwa bado kimya. Mkimwona, mmoja tu asogee, achuchumae akiwa amempa ubavu, asimkazie macho, arushe chakula karibu na karibu zaidi. Hii huchukua muda mrefu. Mkono upite chini ya kidevu kushika mkanda, si juu ya kichwa. Akishashikwa apelekwe ndani moja kwa moja, geti likomewe, ndipo waliokuwa wakimtafuta wapigiwe simu.