Chenga za Televisheni Usiku wa Maulidi

Maulidi ya nyumbani kwetu yalisomwa kila Mfungo Sita uani kwa Babu, mjini Unguja, na ninayotaka kuyaeleza ni ya mwaka mmoja katikati ya miaka ya 1990, nilipokuwa bado mwanafunzi wa skuli ya msingi. Barzanji ilisomwa kwa Kiarabu, mlango baada ya mlango, nasi watoto hatukufahamu humo isipokuwa yale ambayo Babu alikuwa amekwisha kutufafanulia. Alitufundisha kwamba mwanzoni kabisa mwa kitabu kile msomaji huisalia nuru iliyosifiwa kwa kutangulia na kuwa ya awali, yaani nuru ya Mtume, ambayo kwa itikadi ya wazee wetu iliumbwa kabla ya mbingu na ardhi. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba mwanzo wa kila kitu ulikuwa ni nuru, na kwamba Mwenyezi Mungu akitaka jambo huliambia "Kuwa", nalo huwa.

Wageni walipokwisha kunywa kahawa na kuaga, binamu yangu aliwasha televisheni. Matangazo yalikuwa yamefungwa, na kioo kilijaa chenga na ule mvumo wake usiokatika. Babu alimwamrisha aizime, lakini Ami, ambaye alikuwa mwalimu wa fizikia, aliomba iachwe kidogo. Akasema kwamba nyingi katika chenga zile zinatokana na mitambo na hewa, lakini sehemu yake ndogo, inayokadiriwa kuwa kama moja katika mia, inatokana na mnururisho, yaani mwanga usioonekana kwa macho, uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, na kwamba antena yetu juu ya paa ilikuwa inaunasa wakati ule ule tulipokuwa tumekaa pale.

Babu hakumkatiza. Alivuta mkeka karibu na kusema, "Hebu eleza, mwanangu, nani aliyeyajua hayo, na kwa njia gani?"

Ami alieleza kwa kituo. Mwaka 1964 wataalamu wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakitumia antena kubwa yenye umbo la pembe huko Holmdel, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, wakakuta mvumo ambao hawakuweza kuuondoa. Waliielekeza antena kila upande wa mbingu, mvumo ukabaki ule ule. Haukubadilika kwa usiku na mchana wala kwa misimu. Waliwatoa njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani ya pembe ile, wakasafisha na kinyesi chao, nao mvumo haukuondoka. Wakati huo, katika Chuo Kikuu cha Princeton kilicho jirani, Robert Dicke na wenzake walikuwa wamekwisha kupiga hesabu kwamba, ikiwa ulimwengu ulianza katika hali ya joto kali na msongamano, basi mabaki ya mwanga wa wakati ule lazima bado yapo, yamepoa mno, na yanatoka kila upande. Walipopata habari za ule mvumo walitambua kwamba wenzao wamekwisha kukipata walichokuwa wanajitayarisha kukitafuta wao. Matokeo yalitangazwa mwaka 1965, na Penzias na Wilson wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Ami aliongeza kwamba setilaiti iliyoitwa COBE, iliyorushwa mwaka 1989, imeupima mnururisho ule kwa makini na kuukuta una nyuzi kama 270 chini ya sifuri. Umri wa ulimwengu alisema ni kati ya miaka bilioni 10 na 20, kwa sababu hesabu za siku zile hazikuweza kuubana zaidi. Leo tunaambiwa ni bilioni 13.8.

Hapo binamu yangu alisimama kwa furaha. Alikuwa amehifadhi juzuu kadhaa, akaisoma ile aya ya thelathini ya sura ya Al-Anbiyaa, inayosema kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, akatangaza kwamba Wamarekani wamekuja kuthibitisha tu yaliyokwisha kuteremshwa. Nilitaraji Babu amsifu. Badala yake alimwashiria akae, akamwambia, "Aya hii nimeiamini tangu sijajua kusoma, wala sikungoja antena ya mtu. Na hao wenye antena, kesho wakisema tumeona vingine, wewe utaifanya nini aya?" Kisha akamgeukia Ami: "Na kabla ya joto hilo, kulikuwa na nini?"

Ami akajibu, "Sijui, Baba. Hata hao hawajui."

Nilistaajabu, kwa maana sikuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo mbele ya watoto. Babu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuwa amefurahia kwamba elimu imeshindwa. Alimwona mwanawe anajua mpaka wa anachokijua, na jambo hilo kwake lilikuwa na uzito mkubwa.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisoma habari za Georges Lemaître, nilimkumbuka Babu. Lemaître alikuwa padri wa Ubelgiji na mwanahisabati, ndiye aliyeonyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba uliwahi kuwa kitu kimoja kilichosongamana. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipohutubia mwaka 1951 kana kwamba nadharia ile inathibitisha uumbaji, padri huyo hakupendezwa, kwani aliona nadharia yake ni ya fizikia, iko nje ya swali la dini. Wakati ule, tena, wapo waliokuwa na nadharia nyingine kabisa, akina Fred Hoyle, waliosema kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Naamini Babu na padri yule wangeelewana haraka sana.

Lakini usiku ule Babu bado alikuwa na swali, na ndilo ninaloliona bora kuliko yote yaliyoulizwa. Alisema, "Mwanga huenda mbio. Kama ulitoka siku za mwanzo, ungekwisha kutupita zamani. Vipi unafika leo?"

Ami alifikiri kidogo. Akatuambia tuchukulie kwamba misikiti yote ya kisiwa inatoa takbira moja tu, kwa dakika ile ile. Aliyekaa uani kwetu ataisikia kwanza ya msikiti wa jirani, kisha ya Malindi, baadaye ya Bububu, na akizidi kungoja, na masikio yake yakiwa makali, ya Mkokotoni. Mwanzo wa ulimwengu, alisema, haukutokea mahali pamoja bali kila mahali, na mwanga wake ulipoachiwa, miaka kama 380,000 baada ya hapo, uliachiwa kote. Ule wa karibu umetupita kweli, na huu tunaoupokea sasa umetoka mbali sana, na wa kesho utatoka mbali zaidi kidogo.

"Basi na hapa tulipokaa," Babu aliuliza, "mwanga ulitoka?"

"Ulitoka, Baba. Huo wa hapa uko njiani unakwenda kwa wengine, ikiwa wapo."

Babu alisema hilo amelifahamu, na akamtaka Ami mwaka ujao awaelezee wageni vivyo hivyo baada ya dua, pamoja na ile "sijui" yake.