Mzee kafaulu vipimo vyote ila hatoki nje

Watu wakisikia operesheni ya kansa ya utumbo imeenda vizuri wanaelewa kitu kimoja tu, mgonjwa kaamka na uvimbe umetolewa. Mimi ni nesi huku Uingereza, kazi yangu siku hizi ni simu na fomu za wagonjwa waliokwisha pasuliwa, na hiyo "imeenda vizuri" ina mambo yake jamani.

England na Wales kuna ukaguzi wa kitaifa wa kansa ya utumbo, NBOCA, hospitali zinapeleka data na majibu yanawekwa hadharani hospitali kwa hospitali. Wanaangalia nani kafariki ndani ya siku 90 baada ya operesheni, nani karudi kulazwa bila kupangiwa ndani ya siku 30, nani bado ana mfuko wa choo tumboni baada ya miezi 18 (hiyo ni kwa waliotolewa kansa ya puru, yani sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa) na nani yuko hai baada ya miaka 2. Hizo siku 90 naona walitumia akili sana, manake mshono wa utumbo ukivuja mgonjwa anaweza kukaa ICU wiki na wiki, ukiishia siku 30 unamwandika mzima na kumbe anaondoka siku ya 41. Afu hawalinganishi kienyeji, wanapigia hesabu umri, ugonjwa umefika hatua gani, na kama mtu aliingia kwa dharura, sababu aliyekimbizwa usiku utumbo umeziba hatari yake ya kufa ni kubwa kuliko aliyepangiwa tarehe, la sivyo hospitali inayopokea mahututi ingeonekana bucha.

Sasa kuna mzee mmoja wa kwetu pwani, kansa ya puru, mfuko ukaondolewa na utumbo ukarudishiwa, hajalazwa tena hata siku moja. Yani kwenye namba hizo zote kafaulu. Nikampigia.

"Shikamoo mzee, hali yako?"

"Marahaba mwanangu, njema kabisa, alhamdulillah."

Tumbo? Halina neno. Choo? Cha kawaida tu. Ndo tulivyolelewa bana, ukiulizwa hali ni njema hata kama nyumba inaungua, mengine yatafuata baadae ukipewa nafasi.

Nikaitoa fomu ya LARS, ya kupima shida za choo baada ya operesheni ya puru, ilitengenezwa Denmark ikatoka 2012, maswali matano tu. Kama unashindwa kuzuia upepo, kama choo cha majimaji kinakuvuja, unaenda mara ngapi kwa siku, kama unarudi tena kabla saa haijaisha, na kama ukibanwa inabidi ukimbie. Kumuuliza mzee wa umri wa baba yangu habari za upepo si mchezo, nilianza na niwie radhi, naye akacheka, hapo ndo akaanza kusema.

Alama zinaanzia 0 hadi 42, kuanzia 30 ni tatizo kubwa. Kitu nachokipenda ni kwamba hazikugawiwa sawasawa, waliangalia kipi kinamharibia mgonjwa maisha, kwa hiyo kukimbilia chooni kila wiki kunabeba 16, kurudi rudi 11, lakini kwenda zaidi ya mara 7 kwa siku ni 4 tu! Kwenda mara nyingi mtu anazoea, kutojua itakubana saa ngapi ndo kunamfunga ndani. Mzee akapata 36. Kumbe msikitini Ijumaa haendi tena, harusi anatuma mchango, na ikibidi kabisa atoke basi tangu usiku hali kitu. Alidhani ndo bei ya kupona na kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua dokta.

Na vya kufanya vipo! Dokta kampa loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha, anywe kabla ya kutoka, kapelekwa fiziotherapi ya misuli ya nyonga, na isipotosha kuna njia ya kusafisha utumbo kwa maji kupitia huko huko chini. Yote haya yangekuwepo tangu mwanzo kama fomu ingejazwa kila kliniki badala ya kungoja nesi mwenye muda.

Kabla sijakata simu mkewe akaichukua, akataka kujua fomu ya wake za wagonjwa iko wapi, manake yeye ndo anayeamshwa usiku na ndo anayefua. Nikamwambia bibi, hiyo sina, akaniambia basi andika pembeni.

Nikaandika pembeni.