Siku moja maishani mwangu: Muscat hadi Dubai, kwenda na kurudi

Saa 10 na nusu alfajiri natoka nyumbani Seeb, hapahapa Muscat, watoto wamelala. Shemeji naye kawasha gari yake saa hiyohiyo, yeye anakwenda Dubai kwa barabara miye kwa ndege, jana usiku tulibishana kipi kinawahi mpaka tukawekeana biriani, atakaechelewa kufika Deira, mtaa wa maduka kule Dubai, ndo mnunuzi.

Saa 11 nishafika eapoti, ndo raha ya kukaa Seeb. Nikasali, nikanywa chai, nikakaa. Tiketi inasema 07:00, yaani saa 1 yetu, safari lisaa limoja na dakika 10.

Saa 1 kamili bado tumekaa tu. Saa 2 kasoro dakika tano ndo tunaruka. Sasa, Muscat na Dubai kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 350, ndege ikiwa kwenye mwendo wake wenyewe hizo inazimaliza chini ya nusu saa, lakini haipati nafasi ya kukimbia, inapanda, ukichungulia milima ya Hajar iko chini imekauka kama mkate wa juzi, hujamaliza juisi yako inaanza kushuka, kisha Dubai kuna foleni ya ndege hukohuko angani inabidi mzungushwe.

Saa 3 kasorobo tumetua. Saa sijaigusa manake Oman na Dubai saa ni moja. Hapo unashuka, unatembea, unapanda kile kitreni cha kukupeleka Tamino 1, unasimama kwenye pasipoti. Metro mpaka Union, nabadilisha, kituo kimoja tu Baniyas Square.

Saa 4 kasorobo nko Naif, hukohuko Deira, mbele ya duka la vitambaa. Hesabu mwenyewe, masaa matano na robo mlango kwa mlango! Shemeji akapiga saa 4 na dakika tano anatafuta pakingi, kashapita mpaka wa Hatta, kasimama kujaza mafuta na kunywa karak, ile chai ya maziwa, barabara yake kama kilomita 450. Dakika ishirini tu nimemshinda, na bei ya tiketi yangu sitaki hata kuitaja.

Mchana kutwa kazi, kushika kitambaa, kukikunja ngumini kuona kama kinajikunja, kubishana bei. Majora manane ya nida na krepu, vitambaa vya mabuibui. Ndege inanipa kilo 23, kwa hiyo majora yote yakaingia kwenye buti la nani? La shemeji. Na biriani kala, kanunua yeye lakini kala sahani mbili.

Saa 2 usiku ndege ya kurudi, hii iliondoka kwa wakati wake alhamdulillahi. Saa 4 na nusu niko jikoni kwangu nimevua viatu.

Saa 7 kasoro nasikia gari nje. Kashusha majora manne, mengine akasema kesho, nikamwekea mkate na mchuzi wa samaki, akala nusu akasinzia palepale mezani.