Shubiri mbili za pamba kavu

Jana usiku mwanangu alikitafuna kidonge cha mafuta ya samaki badala ya kukimeza. Harufu ikajaa chumba kizima. Mama yake akakimbilia madirisha. Mimi nikabaki na kitambaa mkononi, nimesharudi Nungwi, Unguja, chini ya mti wa mkungu, nina miaka tisa, vidole vinanuka sifa. Sifa isiyosifika: mafuta ya maini ya papa.

Ami alikuwa anaunda mashua. Mchoro hana. Ana tezo, kekee, uzi na jicho moja la kufumba. Mataruma, mbavu za chombo, aliyachagua yakiwa bado matawi, akiuzunguka mtondoo mpaka aone tawi lililopinda kama anavyotaka ubavu upinde.

Mbao zilipokwisha kupigwa, ikabaki kukalafati, kuziba mishono kwa pamba. Kazi yangu kusokota pamba, kuichovya kwenye sifa na kuwapa wakubwa. Adhuhuri wakaenda kusali, ami akaniachia kipande cha mshono karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo. "Malizia hapo." Mkebe ulikuwa mkavu, mwingine uko mbali juani, na wenzangu wanaogelea, nawasikia. Nikashindilia pamba kavu, shubiri mbili hivi, nikafuta mabaki ya mkebe kwa kidole na kupaka juujuu ing'ae. Kesho yake ikapakwa shahamu na chokaa. Hakuna aliyeona.

Tuliishua siku ya bamvua, maji makuu, kijiji kizima kwenye kamba. Mchangani ilikuwa nzito kama nyumba. Ilipoelea tu ikawa kitu kingine: ikatikisika kidogo, ikageuza omo, pua yake, yenyewe kuufuata upepo, kama aliyeitwa jina lake. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi macho yangu yalikuwa ndani, chini, kwenye maji yanayopanda.

Yakafika kwenye vifundo vya miguu. Ami akachutama, akapapasa mbao moja moja. Akapita pale pangu. Mkono ukasimama. Au mimi ndiye niliyeona umesimama.

"Mbao mpya zinakunywa," akasema. "Ziacheni zishibe."

Tukakumba maji siku mbili. Mbao zikavimba, mishono ikabana, maji yakakatika. Ndivyo mashua zote mpya zilivyo. Basi sijui.

Ila chombo kilichofuata sikupewa pamba. Nilipewa kopo la kuokotea misumari iliyoanguka.

"Baba, unacheka nini?"

Nikampa kidonge kingine, nikamwambia ameze.