Tumefunga Siye, Wamefuturu Wao

Boti ilipoondoka bandari ya Malindi, Unguja, nilikuwa bado na usingizi, na mkobani nilikuwa na kurasa chache nilizozichapisha kutoka ripoti ya UNESCO ya mwaka 2020. Ndani yake mna tarakimu moja iliyonikera wiki nzima: kwa wastani, nchi hutenga asilimia 1.7 tu ya bajeti zao za utafiti kwa ajili ya sayansi ya bahari. Tulipoipita Nungwi, mkondo ukaanza kututupatupa, abiria wakaanza kutapika mmoja baada ya mwingine, na hesabu zote zikanitoka kichwani.

Nikashukia Mkoani, Pemba, nikapanda gari hadi Chokocho, kisha mtumbwi wa mashine hadi Kisiwa Panza. Niliwahi bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali kuliko kawaida, maana kesho yake mwamba wa pweza ulikuwa unafunguliwa baada ya kufungwa miezi mitatu bila kuvuliwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kula au kuandika?"

Mzee ni mjumbe wa kamati ya wavuvi ya shehia. Alinikalisha barazani akanieleza pweza kama mtu anayemsimulia jirani yake. Maisha yake ni mafupi, mwaka na kitu. Jike hutaga mara moja tu, akakaa tunduni kuyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Lakini akiachwa, hunenepa upesi mno, wiki chache tu zinatosha kumfanya wa nusu kilo awe pweza wa kuchinjia wageni. Ndiyo maana kufunga kunalipa haraka kuliko kwa samaki kama changu au chewa, ambao ungewangoja miaka.

Eneo lenyewe limo ndani ya hifadhi ya mkondo wa Pemba, PECCA, iliyotangazwa mwaka 2005. Na tangu Novemba 2020 Zanzibar ina wizara nzima ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Nilimuuliza mzee kama wizara imebadilisha kitu. Akacheka. "Jina zuri. Ila mwizi wa usiku hafukuzwi kwa jina, afukuzwa kwa petroli." Doria ni za wanakijiji wenyewe, na mafuta yakikosekana boti inabaki mchangani.

Asubuhi, kwenye saa nne, maji yalikuwa yametoka hadi mbali. Wanawake walishuka na ndoo na michokoo, fimbo za kumchokolea pweza tunduni, kanga zimefungwa juu ya magoti, na mimi nikiwafuata kwa viatu visivyofaa, nikikanyaga mawe makali kila hatua. Nilipofika kwenye ukingo wa mwamba, vijana wenye miwani ya kuzamia walikuwa wameshatangulia kwa mitumbwi na wanapandisha pweza wakubwa kutoka kwenye kina ambacho mchokoo haufiki. Bi mkubwa mmoja alisimama, maji yakimfika kiunoni, akawatazama, akasema:

"Tumefunga siye, wamefuturu wao."

Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Nadhani hilo ndilo swali ambalo mipango mingi ya hifadhi hulikwepa. Kuhesabu kilo ni kazi rahisi, lakini anayeuliza kilo hizo zimeingia ndoo ya nani ni nadra kumpata.

Pwani kulikuwa na mizani imening'inizwa kwenye mti, na chini yake binti aliyeshika daftari la shule. Kila pweza alipita kwake kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Uzito, mahali alipotolewa, dume au jike. Alinionyesha namna ya kumjua dume: mkono wa tatu wa kulia, ncha yake haina vile vikombe vya kunatia. Nilijaribu watatu, nikakosea wawili.

Zamani kulikuwa na fomu zilizochapwa na posho kidogo, kupitia mradi fulani. Mradi ukaisha, fomu zikaisha nazo. Binti akaendelea kwa daftari lake, kwa sababu, alisema, bila namba za mwaka jana hawawezi kubishana na mtu anayetaka mwamba ufunguliwe mapema. Nimewahi kukaa kwenye kumbi zenye viyoyozi nikisikia takwimu za uvuvi mdogo zikitajwa kana kwamba zimeshuka kutoka mbinguni. Nyingi huanza hivi, chini ya mti, kwa kalamu inayokwama kwa sababu ya ute wa pweza.

Kwenye saa sita maji yakaanza kurudi, foleni bado ndefu, na daftari likajaa hadi jalada la nyuma. Binti akatazama huku na huku. Nikatoa zile kurasa za ripoti mkobani nikampa, upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Akaziweka juu ya goti, akachora mistari kwa ukingo wa kisu, akaita:

"Nani afuata? Bi mkubwa, leta wako."

Jike, kilo mbili na robo.