Magunia matatu ya midoli, na mota nilizozing'oa

Nilitaka kukusanya midoli na magari ya kuchezea yaliyotumika, niyatengeneze, kisha niyapeleke kwenye kituo cha kulelea watoto. Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: "Fundi, wewe tupia tangazo kwenye grupu la mtaa, watu wataleta." Kweli wakaleta. Ndani ya siku 3 kibanda changu cha kutengeneza redio hapa Tabata kilijaa mpaka kiti cha mteja hakionekani. Mdoli asiye na kichwa. Kichwa kisicho na mdoli, na wala si cha yule wa kwanza, maana nilijaribu. Rimoti 4 za magari ambayo yenyewe hayakuja. Mama mmoja kaleta poti ya mtoto, nilipomkodolea macho akasema, "Si wataikalia wakicheza?" Watu walikuwa wanasafisha nyumba zao, gari la taka nikawa mimi.

Nikafuta tangazo, nikaandika jingine: leteni kile ambacho mngempa mtoto wa dada yenu siku ya Idi bila kuona aibu. Mzigo ukapungua zaidi ya nusu, ila vilivyokuja vilikuwa vitu vya maana. Nikaongezea kwa wauza mitumba pale Karume. Fungu la magari mabovu nililichukua kwa kama elfu 5, labda 6, sikumbuki, maana na maji ya kunywa nilinunua humo humo. Hayo sikuyachukua ili niyagawe. Yalikuwa spea: magurudumu, skrubu, springi za betri.

Sasa kufua. Hapo niliumbuka. Ilikuwa masika, nami nina midoli ya manyoya 14. Nikaitumbukiza yote kwenye beseni na sabuni ya unga, nikaikanyaga kama mtu anayefua blanketi, nikaianika kwa kuibana masikio. Siku ya nne bado inachuruza maji na inanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Nikajiambia, mimi ni fundi bwana, kitu kikigoma unakifungua, unakausha, unafunga. Nikaichana yote mgongoni, nikatoa pamba, nikaitandaza juu ya bati. Jua likachomoza kidogo, nikafurahi. Kisha ukaja upepo.

Pamba ikazagaa ua mzima, ikavuka ukuta, ikatua kwenye nguo za jirani, nyingine ikazama kwenye ndoo yake ya maji. Akatokea na kanga yake kifuani: "Baba, mmechinja kuku wangapi leo, mbona hata mchuzi hatujaletewa?" Niliokota mpaka adhana ya magharibi. Kuirudisha, haikutosha. Kuna dubu mmoja kichwa kimevimba, tumbo limebonyea, utadhani mtoto wa chekechea kavaa helmeti ya bodaboda.

Mbinu sahihi alinipa mama watoto, ambaye siku zote hizo alikuwa ananitazama kimya. Unaingiza midoli miwili kwenye foronya, unafunga mdomo kwa kamba, unafulia humo humo, unabonyeza bila kukamua. Kuanika, chukua ule mfuko mwekundu wa wavu wanaouzia vitunguu, tia mdoli ndani, ning'iniza kwenye kamba. Anakaa kama popo. Upepo unapita pande zote na masikio hayavutiki. Likipatikana jua la siku moja na nusu, anakauka mpaka katikati. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. "Hukuuliza. Ulisema wewe ni fundi."

Wanasesere wenye nywele niliwakabidhi kwa binti yangu. Nywele za mdoli zikishasokotana hazichaniki, usijisumbue kumalizia mafuta yako hapo. Yeye aliwasuka wote twende kilioni, wakatoka wasafi kabisa. Wale bata wa kuogea wa mpira, ukimbinya akatema maji meusi, mtupe, hilo koga la ndani hulifikii.

Vitu vidogo nilivipima kwa kile kibomba cha katikati cha karatasi ya chooni. Kinachopita humo hakiendi kwa mtoto wa chini ya miaka 3, atakabwa nacho. Wala sikuacha zile betri bapa kama kifungo cha shati popote ambapo kifuniko hakifungwi kwa skrubu. Mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa 2 tu. Wateja wangu wazee wanaziacha mezani kama pipi, nawagombeza kila siku.

Fahari yangu sasa: magari ya betri. Nilikuwa nayo 11, yote yamekufa. Kutu ile nyeupe ya betri iliyovuja unaitoa kwa siki na kijiti cha pamba cha masikio, acha pakauke, pitisha msasa laini, kisha unalehemu waya uliokatika. Usiku mmoja niliyawasha yote kwa pamoja, taa nyekundu na bluu, ving'ora vinalia mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Mama watoto alichukua mto wake akaenda kulala kwa watoto. Mimi nilikaa pale natabasamu peke yangu kama bwana harusi.

Kesho yake nikampigia mlezi wa kituo kimoja cha watoto huko Kigamboni, niliyeelekezwa na watu wa ustawi wa jamii. (Pitia kwao kwanza. Kuna aliyeniambia nishushe tu magunia kwenye geti lolote lenye kibao cha yatima. Huyo ndiye aliyeniambia pia nisubiri Krismasi.) Nikamsifia mlezi magari yangu. Akanisikiliza vizuri, halafu akauliza, "Baba, betri atanunua nani? Sabuni yenyewe natafuta. Halafu nina watoto 32, sebule moja. Ving'ora 11?"

Nikakosa la kusema. Akaendelea: mipira ipo? Kamba za kuruka? Bao? Na nisingoje Desemba, Desemba wageni wanapishana getini na kreti za soda. "Njoo mwezi wa sita, hata paka hapiti."

Ikabidi niharibu kazi yangu mwenyewe. Ukitoa betri peke yake, gari la namna hiyo halisukumiki, linakwaruza, kwa sababu meno ya mota yameshika ekseli. Kwa hiyo unafungua tumbo, unang'oa mota na kile kigurudumu kidogo cha meno, magurudumu yanakuwa huru, unatoboa bampa na kufunga kamba ya kuvutia. Sisi utotoni tulikuwa tunatengeneza ya makopo na matairi ya ndala, yalikwenda vizuri tu. Kazi ilinila usiku 3. Nilibakiza mawili yenye ving'ora, roho iliniuma.

Mwezi wa sita tukaenda, magunia 3, bajaji mpaka feri, kisha pantoni. Abiria mmoja aling'ang'ania nimuuzie yule dubu wa kichwa kikubwa. Kule wasichana waliwapokea wanasesere, wakawageuza visogo, wakaanza kubishana nani kasuka vizuri. Grupu la mtaa wakadai picha. Mlezi hataki sura za watoto wake zizunguke kwenye simu za watu, nami nilimwelewa, nikatuma picha ya magunia matupu. Yule mama akauliza poti iko wapi. Naihifadhia skrubu.

Wakati naaga, mvulana kama wa miaka 8 alikuwa amepindua gari, anachungulia matundu ya skrubu tumboni.

"Fundi, hapa palikuwa na mota."

"Palikuwa nayo."

"Iko wapi?"

"Niliing'oa."

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari za sabuni na betri, nikaufunga. Mota zote 9 ziko kwenye kopo la maziwa hapa mezani. Jumamosi nampelekea moja, waya mbili na bisibisi ndogo, afunge mwenyewe nikimwangalia. Betri nitanunua mimi.